Matawi mbele ya motokari

Leo nimeliza mama yangu kilio ya mutu mwenye angali muzima.

Munisikilize kwanza.

Motokari si yangu, ni ya shemeji. Aliniambia wazi: «Badudu bakikauka ku rangi, banaikula. Ukinirudishia na alama, tutaongea.»

Basi asubuhi tukatoka Kolwezi, mi na mudogo wangu Ilunga, mwenye kuchimba cobalt, kwenda kusalimia mama kule Kasaji. Kupita Mutshatsha, badudu kama mvua! Nikasimama, nikakata matawi, nikayafunga mbele na kamba ya mupira, ili bapige majani, basipige rangi.

Akili mingi, si ndiyo?

Nikasahau kwetu motokari yenye matawi mbele inaleta maiti.

Tulipofika, bamama ba jirani bakashika kichwa. Ilunga alikuwa amelala ku kiti ya nyuma, hakuna aliyemuona. Mama akatoka, akaona matawi, akaanguka chini.

«Ilunga wangu! Nilijua! Nilijua!»

Hakuuliza hata ni nani amekufa.

Ilunga akaamka na ile kelele, akashuka. Mama akamushika uso, mikono, mbavu. Kisha akaingia ndani, akatoka na shuka nyeupe, mupya, ingali mu plastiki.

«Nilinunua hii siku ulianza kushuka mu shimo.»

Ninyi mungejibu nini? Muniandikie.

Rangi ya shemeji haina hata alama moja.

Kesho Ilunga anarudi ku shimo. Shuka, mama ameirudisha mu sanduku.