Mwaka Nilipochagua Radi

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, mvua haikunguruma mjini kwetu Likasi bila nyanya yangu kufunika kioo cha ukutani kwa kikwembe, kitenge chake cha kujifunga. Tulimwita Kaku, kama wasemavyo watu wa Kasai, maana babu alitoka huko kuja kufanya kazi ya shaba. Kaku aliamini kwamba radi haianguki hivihivi, kuna mtu anayeituma. Alilisema jambo hilo kwa utulivu, kama anayekueleza njia ya kwenda sokoni.

Mwaka ule mwalimu wetu wa sayansi alitangaza maonyesho ya mwezi wa sita. Kila mwanafunzi achague mada yake. Zama hizo za Zaïre tulimwita mwalimu Citoyen, yaani raia, kama tulivyofundishwa kuwaita wanaume wote. Wenzangu walikimbilia mambo makubwa: tanuru la shaba, mitambo ya umeme ya bwawa la Koni. Mimi nilijiandikisha kutengeneza sabuni, kwa sababu Mama aliijua tayari na ningepata alama bila kuhangaika.

Kisha, mvua zilipokuwa zinakaribia kwisha, radi ikamuua Kalenga katikati ya mchezo wa mpira. Alikuwa kijana wa mtaa wetu. Siku mbili kabla ya hapo mpira wake ulikuwa umeangukia karai la Mama Ngalula, mjane aliyekaanga vitumbua mbele ya nyumba yake, ng'ambo ya barabara yetu, ukamwaga mafuta yote. Mama Ngalula akamwambia, "Utaona." Ni neno ambalo mama yeyote humwambia mtoto yeyote. Baada ya mazishi watu walilikumbuka. Hakuna aliyenunua tena vitumbua vyake. Mawe yakarushwa juu ya bati lake. Mama yangu akanikataza hata kumwamkia.

Aliyekuwa akimtembelea ni Kaku peke yake. Kila alasiri alichukua kigoda chake akaenda kuketi naye. Siku moja nilimuuliza kama haogopi.

"Naogopa," akasema. "Lakini yeye, peke yake mu ile nyumba, anaogopa kunishinda."

Wiki hiyohiyo nilikwenda kwa mwalimu nikamwambia nataka kubadili mada.

"Radi?" akauliza. "Iyo sujet iko muzito. Utaweka nini ku meza? Sujet ya muzuri ni yenye unaweza kuonyesha na mikono yako, na kuijibia bila kunitafuta."

Nikasugua kichana cha plastiki kwenye nywele zangu, nikakisogeza juu ya vipande vya karatasi. Hewa ilikuwa bado na unyevu, hakikutikisika hata kimoja.

"Ngoja kiangazi," mwalimu akasema. "Lakini usitaje jina ya mutu."

Kaku aliposikia hakufurahi. "Wacha iyo kintu, mutoto. Batakuuliza neno yenye haiko mu kitabu."

Siku ya maonyesho ilikuwa kavu na ya baridi. Karatasi ziliruka zenyewe kwenye kichana. Nilikuwa na blanketi zito na shati la nailoni la baba. Watu wakaingiza vichwa chini ya blanketi, nami nikalisugua shati gizani mpaka cheche za buluu zikapasuka. Wakubwa walitoka wakicheka kwa mshangao. Nikawaeleza: cheche hii na radi ni kitu kimoja, ni umeme, tofauti ni ukubwa tu, na radi hupenda kilicho kirefu mahali palipo wazi. Nilijisikia kama nimekwisha kumsafisha Mama Ngalula.

Kisha akaja kaka mkubwa wa Kalenga, bado na nguo zake za kazi. Alikaa chini ya blanketi muda mrefu kuliko wengine wote. Alipotoka alizungumza polepole.

"Nimeona. Radi ni courant. Sasa uniambie: tulikuwa bantu makumi mawili na mbili ku terrain. Benye kuwa barefu kumushinda balikuwa. Juu ya nini yeye?"

Kwa nini Kalenga, si mwingine? Nilimtazama mwalimu. Naye alikuwa anafuta chaki vidoleni.

"Minye sijue," nikasema, na machozi yakanitoka kwa aibu.

Hakukasirika. Alivikusanya vile vipande vya karatasi vilivyoanguka, akavirudisha mezani kimoja kimoja. "Bote benye kuja kwetu ku matanga balikuwa banajua," akasema. "Weye wa kwanza kusema haujue."

Mada ya Koni ilipata zawadi. Yangu hata sikumbuki ilikuwa ya ngapi. Wiki iliyofuata, kaka yake Kalenga alipita mtaani kwetu akitoka kazini, akasimama mbele ya Mama Ngalula, akamwamkia. Ni hivyo tu, na watu walimwona. Siku kadhaa baadaye karai lilirudi motoni. Wanunuzi wengine walirejea, wengine hawakurejea kamwe, na mama yangu alikuwa miongoni mwa hao wasiorejea.

Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi sasa. Wanafunzi wakiniletea mada, nawauliza kama yule mwalimu: utaweka nini mezani? Lakini sijui ni nini hasa kilichomsaidia Mama Ngalula. Sidhani ni kichana changu. Labda mtu aliyefiwa alihitaji tu kumsikia mwingine akikiri kwamba hajui, ili naye apumzike.

Kaku alifariki akiamini kwamba radi hutumwa, na sikuwahi kubishana naye. Aliamini hivyo, na bado alikwenda kuketi na yule mama kila alasiri. Mimi nilikuwa na sayansi yangu yote, nikijua kwamba hana kosa, lakini miezi ile yote sikuvuka barabara hata mara moja kumwamkia.