Uji wa Aliyemgonga Kaka

Harufu ya uji wa ulezi wenye ndimu hunirudisha wodini, hospitali ya Tumbi, nikiwa mdogo.

Kaka yangu tulikuwa tumeshamzika kijijini Masaki. Kijana wa bodaboda aliyemgonga alikuwa amelazwa, mikono yote miwili imevunjika na kufungwa hogo la plasta, na ndugu zake walikuwa mbali. Mama akawa anamlisha uji huo kijiko kwa kijiko.

"Nisamehe, mama," kijana alisema.

Mama alimfuta kidevu kwa khanga yake.

Tulipotoka nikamwuliza, "Mama, umeshamsamehe?"

"Bado, mwanangu. Nimeshindwa."

"Sasa mbona unamlisha?"

"Mungu amesema adui yako akiwa na njaa umlishe. Namtii kwa hili tu ninaloliweza."

Kisha akakaa chini palepale koridoni. Nilimvuta mkono kwa nguvu zangu zote, hakuinuka.