Tusekile na Mifuko ya Mchanga

Watu wa Mbebe waliomwona Tusekile akiteremshwa mlimani kwa machela walisema huyo harudi. Watu wa Mbebe hupenda kuzika mapema. Aliteleza masika, tenga la mahindi kichwani, akaangukia kitako juu ya jiwe, na tangu hapo kiuno kikawa kinawaka moto na mguu mmoja umekufa ganzi. Kulima hawezi, kuchota maji hawezi. Hayo aliyavumilia. Kilichomkondesha ni kwamba hakuweza tena kumbeba mgongoni Enesi, bintiye aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Mumewe Watson alikuwa ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba, na katika nyumba ile mtoto ndiye aliyekuwa mwenzake. Akipalilia, akisonga ugali, alimsikia akipumua nyuma ya shingo yake.

Kwenye hospitali ya misheni, huko Mbozi, daktari Mzungu alimbonyeza kiuno akasema hapana haja ya kisu. Pingili za mgongo zimekandamizana na kuubana mshipa wa mguu. Zitavutwa taratibu mpaka ziachiane. Kitanda kikainuliwa kwa matofali upande wa miguuni. Miguu ikafungwa bendeji pana, na kutoka kwenye bendeji kamba zikapita juu ya vigurudumu hadi kwenye mifuko ya mchanga iliyoning'inia. Mchanga ukavuta huku, mwili ukavuta kule.

"Usiinuke, mama Enesi," alisema Enoka, dresa, yaani mfunga bendeji wa wodi ile, mtu wa Iyula mwenye masihara mengi. "Ukiinuka tunaanza upya."

Hakuinuka. Polepole ganzi ikamtoka, vidole vya mguu vikaanza kuhisi baridi ya asubuhi. Lakini moyo haukuwa na wa kuuvuta. Alimtamani mwanawe mpaka kifua kikamuuma. Alichukua mto akaulaza ubavuni, akawa anaupapasa, na wanawake wenzake wodini wakajifanya hawaoni.

Sasa, Undali, huko milimani kwao Tusekile, mke wa mtu haonani na baba wa mumewe. Akimsikia anakuja njiani, hujitupa kichakani akajifunika nguo usoni, na mzee naye hupinda njia. Ndiyo heshima yenyewe. Tangu aolewe, Tusekile hakuwahi kuuona uso wa mzee Jonasi. Alimjua kwa kikohozi tu.

Enoka, aliyelelewa misheni, mambo hayo hakuyajua. Mchana mmoja aliingia wodini akimvuta mkono mzee mmoja aliyekataa katakata, naye Enoka akadhani ni haya tu za mtu wa milimani.

"Mama Enesi! Baba yako huyu amekuja!"

Mzee akakohoa.

Tusekile hakuwaza mara mbili. Aling'oa bendeji, akajiangusha upande wa pili na kujiviringisha mvunguni. Mifuko ya mchanga ikadondoka, pu! Mzee naye akageuka mbio, nusura aondoke na mlango. Na alipogeuka, mtoto akaangua kilio. Kule mvunguni Tusekile aliijua sauti. Ni Enesi, amefungwa mgongoni kwa babu yake.

Walimrudisha kitandani akilia. Moto wa kiuno ulikuwa umerudi wote, na ganzi pia. Daktari alifoka, Enoka akanywea.

Jonasi alikuwa ameketi nje chini ya dirisha, ameupa ukuta mgongo. Akasema kwa sauti ya kufika ndani:

"Dresa, mwambie mama Enesi anisamehe. Mtoto amekataa kula. Bibi yake amejaribu, ameshindwa. Nikaona nimlete amwone mama yake. Njiani wanaume wamenicheka, eti mzee umekuwa yaya. Nimewaacha wacheke."

Enoka akarudia neno kwa neno, ingawa wodi nzima ilikuwa imesikia.

Kisha mzee akaja dirishani kinyumenyume. Enoka akamfungua mtoto, akamlaza kifuani kwa mama yake. Enesi akamtazama. Akamtazama tena. Halafu akanyoosha mikono kuelekea dirishani, akimlilia babu.

Hilo lilimuuma Tusekile kuliko jiwe la Mbebe. Alimkumbatia hivyo hivyo, akalaza uso wa mtoto shingoni mwake, mahali alipozoea kupumulia, akamwimbia kwa Kindali bila kuyajua maneno anayoyaimba. Kilio kikapungua. Mkono mdogo ukashika nywele zake. Mtoto akalala.

"Dresa," sauti ya nje ikasema, "mwambie kama anataka kurudi leo, nitatafuta wabebaji."

Enoka hakurudia. Alimgeukia Tusekile.

Alitaka kurudi. Alitaka mno. Lakini kurudi vile ni kulala kwenye ngozi na kumtazama mwanawe akibebwa na wengine mpaka akue. Na kubaki ni kusahauliwa, pengine kabisa. Alinusa utosi wa mtoto muda mrefu.

"Mwambie baba amchukue," alisema mwishowe. "Na asimzoeshe kubebwa mkononi. Ambebe mgongoni, kila siku, asimwachishe mgongo mpaka nije. Nitamkuta hapo."

Nje kikohozi kilisikika.

Walipoondoka, ilimpasa ajifunike uso. Hakujifunika. Mgongo si uso, alijisemea, na kwa mara ya kwanza akamtazama baba mkwe wake: mabega membamba, nguo yake mwenyewe Tusekile imefungwa ovyoovyo kifuani kwa mzee, na vinyayo viwili vya Enesi vikichungulia kila upande. Aliwatazama mpaka wakapotea kwenye mibuni.

"Haya, Enoka," akasema. "Tundika mchanga."