Posa ya Jumamosi

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ni mtalii wa nchi yake mwenyewe. Amepigwa picha mbele ya msikiti Lamu na mbele ya hekalu la Wahindi Kisumu, na kule Turkana alivaa shanga za watu mpaka akaombwa azirudishe. Picha zote zimetundikwa dukani kwake Roret, juu ya magunia ya mbolea, na huwezi kununua mbolea bila kuhadithiwa.

"Hii Kenya nimeimaliza," husema. "Dini zote nazielewa."

Basi nilipotaka kuoa binti kutoka Boito, nani angeongoza posa kama si yeye? Nilimweleza mapema kwamba watu wa kwao husali Jumamosi, na siku hiyo hawapiki, hawafanyi biashara, wala hawazungumzii mahari. Akanitazama kwa huruma. Sisi wenye asili ya Mkoa wa Kati huposa Jumamosi, na Jumapili yeye ni mzee wa kanisa.

"Watazoea," alisema. Mimi bwana harusi nilikuwa na kura sawa na yule mbuzi tuliyembeba.

Tukafika asubuhi, suti zimenyooka, kreti za soda zikigongana. Boma kimya. Shamba la chai halikuwa na mchumaji hata mmoja. Bibi mgonjwa akatuambia kupitia dirisha kwamba wote wako kanisani, tungoje. Tukangoja kwenye nyasi. Mbuzi wetu akaanza kula maua ya wenyeji na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumkemea. Nilimchukia baba mkubwa siku ile, nasema wazi. Niliona mchumba wangu akiniponyoka kwa sababu ya mtu anayeielewa Kenya kupita kiasi.

Mchana wakarudi, na hawakutufukuza. Mama mkwe alikuwa amepika Ijumaa, hadi chakula chetu, maana binti yake alimwonya ni watu wa aina gani wanakuja. Tukala kuku na ugali wa wimbi uliopoa, tukamiminiwa mursik, maziwa yale ya kibuyu yenye vumbi la mkaa. Mazungumzo, tukaambiwa, ni jua likishatua, na msemaji ni mjomba wa bibi harusi. Bila kauli yake binti hatoki.

Mjomba akaingia na Biblia kwapani. Mchumba wangu alinitajia mjomba mfanyabiashara, hakusema wapi. Alikuwa jirani yetu wa Roret, mwenye duka lililopakana na letu, lile linalofungwa kila Jumamosi. Miaka yote baba mkubwa amekuwa akiwaambia wateja, kwa sauti ya kuvuka ukuta, "Huyo atakufa maskini. Ni uvivu tu!" Lamu aliuliza maswali mpaka imamu akachoka. Lakini jirani huyu, baba mkubwa hakuwahi kumuuliza kwa nini anafunga.

Jua likazama. Wakaomba. Mjomba akanigeukia kwanza.

"Kijana, mimi sina shida na wewe. Msichana tutakupa."

Nilitaka kulia, na nikalia kidogo. Kisha akamgeukia baba mkubwa, kwa upole kabisa.

"Na harusi itakuwa Jumapili, asubuhi."

"Jumapili?" Baba mkubwa akasimama. "Mzee, Jumapili mimi niko kanisani!"

"Pole, jirani," mjomba akasema. "Mimi nilidhani hiyo ni uvivu."