Mtoto Niliyemwita Chenga

Katekista Viktor amenisumbua tangu Kwaresima. "Bibi Agnetha, andika mwenyewe, wanajumuiya wasome." Mimi niliishia darasa la pili, macho yenyewe ndiyo haya, halafu niandike! Yeye ana kalamu tatu mfukoni. Nikamwambia aandike yeye. Akasema, "Mimi sikulisema lile neno." Basi, daftari hili hapa.

Watu wa Kibaoni wananijua kwa mchele. Nikiuchota kiganjani nakwambia daraja lake, la kwanza, la pili au la tatu. Zile punje zilizovunjikavunjika ni chenga. Hizo hazina daraja, tunapikia uji au tunawamwagia kuku. Wachuuzi wananifuata mpaka nyumbani kuniuliza. Ndiyo maana nilijiona najua.

Mkamwana wangu Digna, mke wa mwanangu Gasper, alikuwa na mimba ya miezi saba. Gasper yuko shambani Malinyi, nikampeleka mimi kupiga ultrasaundi. Mlangoni nesi akaniambia nivue kandambili. Nikakataa, miguu yangu ni misafi kuliko sakafu yao. Tukabishana mpaka nikashinda, kumbe muda wote huo daktari anaeleza huko ndani. Naingia, namkuta Digna ameshika tumbo analia, na daktari Ndaki, kijana wa Kisukuma mwenye sauti ya chini, anamalizia: "Kwa hiyo mama, kichwani mtoto hana daraja."

Hana daraja! Sikuuliza. Mtu mzima kama mimi nimuulize kijana maana ya daraja?

Njiani Digna akaanza, "Mama, daktari amesema anaweza..."

"Nimesikia kwa masikio yangu," nikamkata. "Usinifundishe daraja."

Jumamosi kwenye jumuiya, mwenzetu Oliva akauliza kipimo kimesemaje. Nikajibu mbele ya wote, "Kimesema ni chenga." Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana neno lilinikaa vizuri mdomoni. Nikikumbuka kile kicheko natamani kujifunika khanga usoni.

Mtoto akazaliwa, wa kike, akabatizwa Yosefina. Mtaani wakamwita Chenga. Siku moja muuza maandazi akamwona Digna na mtoto mgongoni, akamuuliza, "Chenga hajambo?" Digna akataka kujua jina hilo limetoka wapi. Akaambiwa. Hakunigombeza. Alifunga vitu vyake akamfuata mumewe Malinyi, na mimi nikasema aende, ana kiburi.

Ikapita miaka minne. Nimekwenda hospitali kwa ajili ya macho, nakutana na Ndaki kwenye korido.

"Shikamoo bibi. Mjukuu wetu anaendeleaje?"

"Marahaba. Chenga yuko kwao Malinyi."

"Chenga ndiye nani?"

Nikamweleza, na jina la ubatizo nikamtajia. Akakaa kwenye benchi, akachora pande mbili nyuma ya kadi yangu.

"Bibi, ubongo una upande huu na upande huu. Katikati kuna nyuzi nyingi zinazopitisha habari huku na huku. Hizo ndizo nilizoita daraja. Kwa Yosefina hazikuota. Daraja la kuvukia, bibi. Si la mchele."

Nikaichukua ile kadi, nikaisogeza karibu na macho.

"Daraja la mto wetu lilipokuwa halijajengwa, hamkuvuka?" akauliza.

"Tulivuka kwa pantoni. Tena kwa kusubiri."

"Na ubongo hujaribu njia nyingine. Wako watoto wanaochelewa kidogo tu, wako wanaopata degedege, wako wanaoshindwa hata kukaa. Picha ilinionyesha kisichokuwepo. Atakuwa mtoto wa namna gani, haikunionyesha. Hayo nilimwambia mama yake."

Hayo ndiyo Digna alitaka kuniambia njiani.

Nikaenda Malinyi na kilo kumi za mchele wa daraja la kwanza. Digna akaniamkia, "Shikamoo mama," akabaki amesimama mlangoni. Mchele aliupokea. Mimi hakunipa hata kigoda. Mtoto yuko uani anapukuchua mahindi taratibu, mkono mmoja unausubiri mwenzake. Alitembea akiwa na miaka miwili na nusu, maneno ndiyo kwanza yanakuja. Akaniangalia, akayatoa moja moja: "Wewe. Bibi. Wa chenga?"

Nilikosa pa kuweka uso.

Digna akasema, "Mama, hilo jina ulilitoa mbele ya watu. Kalifute mbele ya watu, ndipo nitamleta Kibaoni."

Nikarudi. Jumamosi nikasimama kwenye jumuiya, na nilichosema ni kwamba daktari alikosea. Mungu ananiona. Viktor, ambaye nilishamsimulia yote, alikuwepo akanisikia. Ndipo akazidisha kunisumbua na hili daftari.

Daktari hakukosea. Nilikosea mimi, Agnetha, kwa kusikia neno moja na kuona haya kuuliza. Kichwa cha mjukuu wangu nilikipima kama debe la mchele, tena nilikuwa hata sijamwona.

Sasa wewe uliyelishika daftari hili, usilisome kimoyomoyo halafu ukalifunga. Jumamosi hii simama ulisome kwa sauti, mimi nikiwa nimekaa hapo mbele, na usiparuke pale nilipocheka. Atakayemwita tena Chenga, mkatize, mwambie anaitwa Yosefina. Ukimaliza, mpigie Digna umwambie limesomwa lote. Namba yake anayo Viktor. Nikipiga mimi hapokei.