Kipande cha Jibini

Juzi mjukuu wangu alikuwa jikoni akikanda unga wa mikate ya baga. Alipofungua jibini, harufu yake ilinirudisha nyumbani Lushoto, enzi za kupanga foleni ya unga wa ngano kwenye duka la kijiji.

Mama alikuwa akifua nguo misheni, na masista walimpa kipande cha jibini. Alioka skonzi kwenye sufuria yenye makaa juu ya kifuniko, azijaze nyama na jibini ile kumpokea baba aliyekuwa akitoka hospitali. Mimi niliinusa nikaamini imeoza, itamuua baba. Nikampa mbwa.

Mama alipoikosa alimgeukia Rehema, binti wa marehemu shangazi, aliyelelewa kwetu.

"Mlafi wewe! Kesho unarudi Mlalo kwa baba yako mdogo."

Rehema alinitazama. Nami niliogopa fimbo, nikanyamaza. Asubuhi aliondoka, na shule yake ikaishia hapo.

Jioni ile ya baga nilimpigia simu, nikamweleza yote.

"Nilikuona ukimpa mbwa," alisema. "Nilingoja useme."