Siku Mume Wangu Alipochafukwa

Nilipoolewa nikashuka kutoka Uru kuja kuishi Moshi mjini, Kiswahili changu kilikuwa cha kanisani na cha sokoni. Mume wangu alikuwa fundi wa reli. Tulipanga chumba kwa mjane mmoja wa Kiislamu, lakini siku nyingi nilikuwa peke yangu, maana kazi yake ilikuwa Kahe na huko huko alilala hadi Jumamosi. Sikuzoea kukaa bure. Nilifagia chumba nilichokwisha kukifagia, nikasimama mlangoni, nikarudi ndani.

Kahawa ilipoiva nilipanda Uru kwa mama yangu kumsaidia kuchuma. Niliaga siku tatu, nikakaa wiki mbili. Niliporudi, mama mwenye nyumba akaniambia mume wangu alikuja, akakuta kufuli, akaondoka siku ile ile.

Kesho yake akapita mfanyakazi mwenzake.

"Shemeji, mumeo anasema amechafukwa. Jumamosi haji."

"Tangu lini?"

"Tangu juma lililopita," akajibu, akaenda zake upesi.

Neno hilo nililijua kwa sista wa zahanati tu. Mtoto aliyechafukwa tumbo alikuwa mtoto wa kutapika na kuharisha, na wengine hawakupona. Nilimkimbilia mama mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama. Mume wangu anatapika huko Kahe, juma zima sasa."

"Marahaba. Nenda, mwanangu, usingoje," akasema, akanifungia tangawizi na ndimu. Nikatia kikapuni ndizi za kupika mtori, supu ya kwetu, nikaenda stesheni.

Kwenye gari moshi nilishindwa kukaa. Nilisimama, nikachungulia, nikaketi, nikasimama tena. Mama mmoja mwenye kuku akaniambia, "Tulia, binti. Gari haliendi kwa miguu yako."

Kahe nilimkuta mume wangu ameketi juu ya sanduku, anakula ugali na samaki, shavu limejaa.

"Umefuata nini?" akauliza.

"Nimekuletea tangawizi. Umeacha kutapika?"

"Nani anatapika?"

"Si umesema umechafukwa?"

Wenzake waliacha kutafuna. Akaweka tonge chini. "Nimechafukwa na wewe. Nilikwenda kwangu nikakuta kufuli. Uliaga siku tatu."

Ndipo nikaelewa kwamba mtu mzima wa afya anaweza kuchafukwa.

"Mimi nimekuja nikidhani nitakukuta maiti, kumbe umenuna tu?"

"Ndiyo, nimenuna."

"Basi na mimi sasa nimechafukwa."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alinyanyuka, akanipokea kikapu, tukaenda kusimama kwenye kivuli cha behewa. Nikamwambia chumba kile kinanishinda, kwamba tangu asubuhi natazama ukuta, na kwa mama angalau mikono ilikuwa na kazi.

"Ungesema," akasema.

"Na wewe ungekuja kusema mwenyewe."

Akachambua uzi wa kikapu. Nikamwomba niwe nateremsha ndizi za Uru niuze sokoni. Alikubali shingo upande, na Jumamosi akaja nyumbani.

Mwezi uliofuata nilipata nafasi sokoni, kando ya wauza magadi. Jioni nilirudi miguu inauma, nikaketi kizingitini, na kwa mara ya kwanza tangu nishuke mjini sikutaka kwenda popote.